Mgongo wa Mkeka

Ukumbi mzima ulikuwa na kiti kimoja tu, na kiti chenyewe kilikuwa na kibao: Tafadhali usikalie. Kilikuwa cheupe, cha mbao, kimewekwa peke yake katikati ya chumba na kumulikwa taa, na watu waliokuja kwenye ufunguzi wa maonyesho walikuwa wakikizunguka huku wameinamisha vichwa upande. Mimi na dada yangu tulikuwa tumesimama tangu saa mbili asubuhi. Dada alikitazama kile kiti, kisha akanitazama mimi.

"Aliyekitengeneza yuko hapa?"

"Sijui. Wa nini?"

"Nataka kumuuliza kama yeye huwa hachoki."

Nilicheka kidogo tu, maana siku ile hata kucheka kulitaka nguvu. Nilikuwa nimechoka kwa miezi saba mfululizo. Mgongo ulikuwa umechoka, macho yamechoka, na hata ulimi ulikuwa umechoka kwa kunyamaza. Sababu ya uchovu huo nilikuwa naijua mimi peke yangu, na nilikuwa nimeapa kwamba nitaijua peke yangu mpaka niingie kaburini.

Sisi ni wasuka mikeka. Tunakaa nyumba moja, vyumba viwili na kibaraza, na kibaraza ndicho karakana yetu. Asiyeujua mkeka wa miyaa aelewe hivi: kwanza majani makavu yanachanwa vipande vyembamba, halafu yanasukwa kuwa utepe mrefu, upana wa vidole vinne hivi. Utepe huo ndio ukili. Ukili ukishafika pima nyingi za kutosha, unazungushwa na kushonwa kwa sindano kubwa, ubavu kwa ubavu, mpaka unakuwa mkeka. Dada anasuka, mimi nashona. Tumegawana hivyo tangu tuko wasichana, na sasa mimi nina miaka hamsini na sita, yeye ana sitini na tatu, na bado ananiita mtoto mbele za watu.

Majirani wanamwita Kamanda. Jina limemkaa. Akipita na fimbo yake, hata kuku wanapanga mstari. Lakini jina hilo hakulipata kwa ukali, alilipata kwa ukili wake. Alikuwa akisuka majani yameshikana, ukingo umenyooka tuli, na haraka ajabu, huku akizungumza na mpita njia na kumgombeza muuza mkaa. Watu walikuwa wakikaa kibarazani kumtazama tu. Mimi nilikuwa nikishona pembeni, na sikuwa na wivu. Nasema kweli. Mtu akiuliza mkeka huu ni wa nani, nilikuwa namwonyesha Dada kwa kidevu.

Mwaka jana akaja Msimamizi wa maonyesho haya. Ni binti wa miaka thelathini na kitu, miwani yake inakaa kichwani kuliko machoni, na mfukoni hakosi futi ya kupimia. Alikuwa ameuona mkeka wetu mmoja sebuleni kwa mtu, akauliza, akaelekezwa, akapotea, akaulizia tena, mpaka akafika kibarazani kwetu na viatu vimejaa vumbi. Alisema jumba la sanaa linaandaa maonyesho makubwa, na safari hii upande mzima wa jengo wamewapa mafundi wa mikono: wafinyanzi, wachongaji, wafumaji, wahunzi.

"Tunataka watu wanaofanya kazi kwa mikono yao, na ambao bado wako hai," alisema.

"Basi andika haraka," Dada akamjibu, "maana hilo la kuwa hai sikuahidi."

Msimamizi alitaka mkeka mmoja, mita saba kwa nne, mkubwa kuliko wowote tuliowahi kushona. Dada alikubali kabla hajanigeukia. Nilimwona anavyonyoosha mgongo alipokuwa anakubali, na nilikuwa na furaha naye, lakini pia niliviona vidole vyake juu ya paja. Vilikuwa vimeanza kukaza. Asubuhi alikuwa akishindwa kufunga kifungo cha blauzi, akisingizia tundu ni dogo. Daktari alikuwa amempa vidonge vya maungo, vidonge ambavyo akivimeza baada ya chakula cha mchana vinamlaza kama mtoto mchanga, saa saba mpaka saa kumi.

Wiki ya kwanza ya kazi, siku moja mchana akiwa amelala, nilichukua bunda la ukili wake nianze kupanga. Nikalifungua. Nikalifunga tena, nikaenda kunywa maji, nikarudi, nikalifungua tena. Ukili ulikuwa mpana hapa na mwembamba pale. Ulikuwa na mianya ambayo kidole kingepita. Mahali pengine alikuwa ameruka jani na hakujua. Ukili wa namna hiyo ukiushona, mkeka unajikunja na kufanya matumbo, haulali chini hata uuwekee mawe.

Sasa kwetu kuna sheria. Mama aliishika, na mama yake vilevile. Ukiona kosa kwenye kazi ya mwenzako, humfumulii. Unamwita, unamwonyesha, anafumua kwa mkono wake mwenyewe. Kumfumulia mtu kazi yake kimyakimya ni kumhesabu kwamba hayupo. Wanawake wawili wa mtaa wetu waliwahi kukaa miaka tisa bila kusalimiana kwa ajili ya shubiri tatu za ukili.

Nilimwita. "Dada!" nikaita, mara mbili. Akatoka, kanga imekaa upande, uso umejaa usingizi na kicheko. Akaniambia ameota tumesimama kwenye jumba la sanaa na watu wanatupigia makofi, na mimi nimevaa viatu tofauti, kimoja chekundu. Alicheka mpaka akashika nguzo.

"Ulikuwa unaniitia nini?" akauliza.

"Chai iko tayari," nikasema.

Chai haikuwa tayari. Nikaenda kuwasha jiko.

Kuanzia siku iliyofuata, kila akilala, mimi nafumua. Nafumua alichosuka asubuhi nzima, napitisha kitambaa chenye maji ili majani yasivunjike, nasuka upya kwa mkono wangu, nalikunja bunda na kulifunga kama alivyolifunga yeye. Saa kumi akiamka, ananikuta nimekaa na sindano yangu, nashona. Miezi saba. Pima mia mbili na sitini, na kila pima imesukwa mara mbili. Jumapili tu ndiyo tulipumzika, na hata Jumapili mikono yangu ilikuwa inajikunja yenyewe mapajani.

Watu wakisikia wanaweza kusema nilifanya kwa huruma. Nusu ilikuwa huruma. Nusu nyingine ilikuwa aibu: sikutaka kazi mbovu itoke nyumbani kwetu ikatazamwe na umati. Na kadiri siku zilivyokwenda, ikawa hofu tupu. Dada hana mume tena, mtoto hakujaliwa. Ana mikono yake na ana mimi. Nilijua akigundua kwamba mikono imekwisha, na kwamba aliyemficha habari hiyo ni mimi, atakuwa amevipoteza vyote viwili siku moja. Kwa hiyo nilichokuwa naomba kwenye maonyesho yale hakikuwa sifa. Nilikuwa naomba tuingie, tupigwe picha, turudi nyumbani, naye asijue.

Msimamizi alitukuta bado tumesimama kwenye chumba cha kile kiti. Alikuwa amevaa vizuri lakini macho yamemwingia ndani, na yeye alikuwa hajalala siku mbili tatu.

"Mama Mkubwa, Mama Mdogo, njooni muone tulivyouweka," akasema, akamshika Dada mkono. "Wenzangu walitaka tuutandaze sakafuni. Nikasema hapana. Nimeuning'iniza katikati ya ukumbi mkubwa, hewani, ili watu wauone pande zote mbili."

Pande zote mbili. Nilisimama pale pale, na mtu aliyekuwa nyuma yangu akanigonga.

Nieleze. Jani la ukili halina urefu wa kufika mbali. Likiisha, unaingiza jingine juu yake, na mkia wa lile la zamani unautoa nyuma, unaukata mfupi. Mbele hakuonekani kitu. Nyuma, kila baada ya shubiri mbili hivi, kuna vimikia. Dada anatumia mkono wa kushoto, kwa hiyo vimikia vyake vyote hulala kushoto. Vyangu hulala kulia. Ni jambo ambalo hakuna mnunuzi aliyewahi kuuliza, kwa sababu mgongo wa mkeka unalala sakafuni maisha yake yote. Nilikuwa nimeangalia ukingo, nimeangalia rangi, nimeangalia mbano wa kila jani, miezi saba, na sikuwahi hata dakika moja kukumbuka kwamba mkeka una mgongo.

Tuliingia. Lazima niseme ulikuwa mzuri. Ulining'inia kutoka kwenye dari kwa nyaya nyembamba, ukiwa umeachana na sakafu kama shubiri mbili, na taa zilikuwa zimeelekezwa hivi kwamba mistari ya rangi ya udongo na nyeusi ilionekana inatembea. Watu walikuwa wamesimama mbele yake wakinong'ona. Dada alisimama.

"Mdogo wangu," akasema taratibu. "Tazama mkono wangu."

"Nauona, Dada."

"Nilidhani vidole vimenisaliti. Kumbe bado."

"Dada, twende tukatafute maji, mdomo umenikauka."

"Nenda kanywe. Mimi mtu ananitoa hapa?"

Alisogea na kunyoosha mkono aushike. Mlinzi wa ukumbi, kijana mrefu aliyevaa koti linalombana, akaja mbio mbio.

"Samahani mama, hapa hairuhusiwi kugusa."

"Nimeusuka mimi," Dada akasema, kwa sauti ya Kamanda, na watu wakageuka.

"Naelewa mama, lakini hata hivyo."

"Hata hivyo nini? Baba, kila jani lililomo humu limepita kwenye vidole hivi. Nikitaka nitakwambia jani gani nilisuka siku gani."

Watu wakacheka kwa kumpenda. Kijana akaona haya, akasema basi ashike kidogo lakini asivute. Dada akaushika kwa kiganja, akaupapasa, akatabasamu. Mwanamke mmoja aliyevaa mkufu mzito akamuuliza kama umesukwa kwa mashine. Dada akamjibu kwamba ndiyo, mashine ya mwaka sitini na moja, inakunywa chai mara nne kwa siku. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma yake natoka jasho kama mwizi. Kisha, polepole, bado ameweka kiganja kwenye ukingo, akaanza kuzunguka kwenda upande wa pili.

"Dada, miguu inaniuma," nikasema. "Dada, nishike mkono."

Hakunisikia, au alisikia akapuuza. Akatoweka nyuma ya mkeka.

Sikumfuata. Ningemfuata kwenda kufanya nini? Nilibaki mbele natazama viatu vyake chini ya pindo. Ni viatu vyeusi vya kamba. Kamba ya kulia ameilegeza kwa ajili ya uvimbe. Viatu vilienda hatua moja. Vikaenda nyingine. Vikasimama. Vikarudi nyuma hatua moja, kama anayetaka kuona kitu kwa mbali. Halafu vikaenda tena, taratibu mno, mpaka mwisho wa mkeka, vikageuka vikarudi hadi mwanzo, na hapo vikasimama kabisa.

Alipotokea upande mwingine, mikono yake alikuwa ameifunga ndani ya kanga. Hakunitazama.

Wakati huo huo Msimamizi akafika na kundi la wageni, kipaza sauti mkononi. Alizungumza vizuri sana, nakumbuka. Alisema kwa miaka mingi jumba kama lile lilikuwa likiweka vitu vya namna hii kwenye chumba cha nyuma, bila jina la aliyevitengeneza, kana kwamba vimeota vyenyewe. Alisema leo fundi mwenyewe yuko mbele yetu. Watu wakapiga makofi. Akamsogezea Dada kipaza sauti.

"Mama Mkubwa, waeleze wageni wetu. Kazi hii ilikuchukua muda gani?"

Dada akakitazama kile kipaza sauti.

"Mwulizeni mdogo wangu," akasema. "Mimi nilikuwa nimelala."

Ukumbi ulilipuka kwa kicheko. Wakadhani ni mzaha wa bibi mcheshi, mwanamume mmoja akarudia maneno yale kwa mkewe, na Msimamizi akacheka huku ananiangalia mimi niongezee. Niliongeza nini? Nilisema miezi saba. Nilisema asanteni. Nilisikia sauti yangu ikitoka kwenye spika za ukutani, na niliichukia.

Walipotawanyika, nilimtafuta, nikamkuta kwenye korido ya kwenda vyooni. Huko kulikuwa na benchi la kweli, la kukalia. Alikuwa amevua kiatu cha kulia. Nilikaa mwisho wa benchi, nikiacha nafasi katikati yetu ya kutosha mtu wa tatu.

"Wote?" akauliza.

"Wote, Dada."

"Na zile pima za mwanzo? Kabla ya baridi?"

"Nazo."

Mtu akatoka chooni akitikisa mikono, akatusalimia, tukaitikia wote wawili kwa adabu.

"Hata kipande kimoja hukuniachia," akasema.

"Dada, ukili ulikuwa..."

"Sijakuuliza ulikuwaje. Nasema hukuniachia."

Nilianza kulia. Sikulia kwa ustadi, nililia ovyo, pua na kila kitu. Nikamwambia nilimwita siku ile ya kwanza, nikashindwa. Nikamwambia alikuwa na furaha sana. Nikamwambia nilikuwa nimechoka, kwamba nilikuwa nafanya kazi mara mbili na sina wa kumwambia, kwamba kuna siku nilikuwa nasinzia na jani mdomoni. Nilisema nimechoka mara nyingi mno. Yeye alikuwa anasikiliza huku anakisugua kifundo cha mguu.

"Kuna kitu sielewi," akasema nilipotulia. "Mimi kila asubuhi nilikuwa nafungua bunda na kuendelea pale nilipoishia. Mkono wako naujua tangu una meno ya utoto. Ningeuona tu. Mbona sikuuona?"

Nilitamani sana asingeuliza hilo. Yale mengine yote nilikuwa nimeshayatafutia maneno kwa miezi saba, lakini hilo sikuwahi.

"Shubiri ya mwisho," nikasema. "Kila siku, shubiri ya mwisho nilikuwa naisuka kama wewe. Ili ukifungua uone ni yako. Kesho yake naifumua pamoja na nyingine."

"Kama mimi."

"Ndiyo."

"Mimi yupi?"

Msimamizi akatokea mwisho wa korido, akasema samahani mama zangu, saa tisa imefika, watu wanasubiri kuona mnavyosuka. Hilo lilikuwa kwenye mpango tangu mwanzo: kila siku ya maonyesho, saa tisa mpaka saa kumi na moja, mafundi wakae jukwaani wafanye kazi, watu watazame. Nikafungua mdomo niseme Dada hajisikii vizuri. Dada alikuwa ameshavaa kiatu.

"Tunakuja, mwanangu," akasema.

Jukwaa lilikuwa la mbao, urefu wa goti, karibu na ule mkeka. Upande mmoja kulikuwa na mfinyanzi na gurudumu lake, upande wa pili sisi na fungu letu la miyaa na bakuli la maji. Watu kama thelathini walikuwa wamesimama. Nilidhani atachukua majani aanze, kwa kiburi tu, na nilikuwa nimejiandaa kukaa kimya hata akisuka nini. Badala yake akalisukuma fungu mbele yangu.

"Nionyeshe," akasema.

"Nikuonyeshe nini?"

"Hiyo shubiri ya mwisho. Nisukie kama mimi."

"Dada, si hapa. Tukifika nyumbani."

"Nyumbani nitakuwa nimelala. Suka."

Alisema kwa sauti ya chini, na waliokuwa mbele walitabasamu wakidhani mkubwa anamwelekeza mdogo. Nikachovya majani. Nikaanza. Ningependa kusema mikono ilinigomea, lakini haikunigomea hata kidogo. Niliulegeza ukingo wa kushoto pale pale anapoulegeza yeye, kwa sababu kidole gumba chake hakisukumi tena. Nikaacha mwanya. Nikakaza kupita kiasi baada ya mwanya, kama anavyofanya akihisi ameharibu na kutaka kurekebisha. Nikaruka jani. Nikasuka shubiri nzima hivyo, mbele ya watu thelathini, na mama mmoja mbele akamwambia mwenzake tazama alivyo mwepesi.

Nikamkabidhi.

Dada aliushika kwa ncha za vidole, akausogeza karibu na macho. Akaupima upana kwa kucha, mahali patatu. Akauweka juu kwenye mwanga na kuchungulia kwenye ule mwanya, na mwanga ukamwangukia shavuni.

"Hivi?" akauliza.

"Hivi, Dada."

"Tangu lini?"

"Tangu tulipoanza. Mwishoni ulikuwa zaidi."

Alitikisa kichwa polepole. Mfinyanzi wa pembeni alimaliza chungu, watu wakapiga makofi, baadhi wakahamia kwake.

"Unajua nilikuwa naamka saa ngapi?" Dada akasema. Alikuwa anauangalia ule ukili, si mimi. "Saa kumi na moja alfajiri. Nachemsha maji, natumbukiza mikono mpaka inakuwa myekundu, ndipo vidole vinakunjuka. Namwaga maji kwenye maua usije ukayakuta. Halafu narudi kulala ili uamke unikute kitandani. Nilisema ukijua kwamba vinaniuma, utamwambia yule binti atafute mtu mwingine, na wewe ulikuwa unautaka sana mkeka huu."

"Mimi?" nikasema. "Wewe ndiye uliyeutaka."

"Mimi nilitaka ushone kitu kikubwa watu wakione. Umeshona pembeni yangu miaka arobaini."

Aliuviringisha ule ukili mbovu ukawa mdogo, akauweka juu ya goti lake, akaufunika kwa kiganja.

"Kila asubuhi vilikuwa vinaniuma mpaka machozi," akasema. "Siku zote hizo. Na mchana ulikuwa unafumua."

"Nilikuwa nakuhurumia, Dada."

"Najua. Ungeniambia, ningepumzika."

Mtu mmoja chini ya jukwaa alituomba tuendelee, kwa sababu alikuwa bado hajapata picha. Nikachovya majani mengine na kuanza upya, kwa mkono wangu. Dada alikaa ubavuni mwangu, macho wazi, mikono juu ya goti, mpaka saa kumi na moja ilipofika.